Kala lili Tabora: usitafute dawa, badilisha mahali na msimu

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Afisa, kala lili zangu zinaoza, nipige dawa gani?" Kwa asiyelijua, kala lili ni lile ua la umbo la tarumbeta, mara nyingi jeupe, linalopendwa na mabibi harusi. Jibu langu huwa haliwafurahishi watu: hakuna dawa. Kiazi kikishaanza kuwa uji na kutoa harufu mbaya, ng'oa mmea wote pamoja na udongo wake, upeleke mbali na shamba. Ule uozo unaletwa na bakteria, si ukungu. Kwa hiyo kijana anayenunua dawa ya ukungu kila wiki anamtajirisha mwenye duka la pembejeo tu, na kiazi kinaendelea kuoza.

Maoni yangu ni kwamba kala lili inawezekana Tabora, ila wengi tunailima mahali pabaya, msimu mbaya, na kwa ajili ya soko lisilo letu.

Tuanze na mahali. Watu wamesikia kwamba ua hili linapenda maji. Ni kweli, kwao Afrika Kusini lile jeupe huota kandokando ya vijito na kwenye madimbwi. Basi kijana anakwenda moja kwa moja mbugani, anapanda kwenye jaruba la mpunga! Maji yanatuama, udongo mweusi unashika, jua linapasha, na bakteria wanapata hasa wanachotaka. Ua jeupe linaweza kuvumilia unyevu mwingi kiasi. Yale ya rangi, ya njano, waridi na zambarau, hayavumilii kabisa, yanataka udongo unaopitisha maji. Ndiyo maana anayeanza namwambia aanze na jeupe, hata kama yale ya rangi yanavutia zaidi kwenye picha za simu.

Tumia udongo wetu wa kichanga, changanya na samadi iliyooza vizuri, inua tuta angalau sentimita 30, weka matandazo. Chagua sehemu inayopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Upande wa mashariki wa mwembe unafaa, na miembe hatukuikosa, maana misafara ya zamani ilituachia mingi. Ila usipande chini kabisa ya mti. Pale ni giza, na mizizi ya mwembe itakunywa maji yote. Utapata majani marefu bila ua hata moja.

Halafu usipande palipokuwa na tumbaku, nyanya, kabichi au viazi mviringo msimu uliopita. Shamba la tumbaku mara nyingi lina minyoo fundo, nayo inapenda mizizi ya kala pia. Kabichi na viazi huacha bakteria wa uozo huohuo. Magimbi nayo yakae mbali, kwa sababu ni ukoo mmoja na kala na virusi vya magimbi vinahamia huku kwa kubebwa na vidukari. Ukiona majani yana mabaka ya kijani kilichopauka na yamejikunja, ng'oa, usihurumie. (Na ukoo huo ndio sababu kala mbichi inawasha mdomo kama gimbi bichi. Watoto na mbuzi wasiisogelee.)

Sasa msimu, na hapa ndipo naona pesa ilipo. Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei unabaki wewe na bomba lako, unampa mmea maji unayotaka wewe. Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi, na kala inaipenda baridi hiyo. Wakati huohuo watu wameshavuna, wengine wameshauza tumbaku, na harusi zimepamba moto. Kwa hiyo gawa na panda vipande Aprili mvua zinapoisha, mwagilia kiangazi chote asubuhi kwenye udongo, si juu ya majani. Mwaka wa kwanza usitegemee maua mengi. Septemba na Oktoba joto likipanda, usiulazimishe mmea kutoa maua, upumzishe.

Mbolea: urea nyingi inakupa majani laini yanayooza haraka. NPK 10-18-24 kidogo inatosha. Ila tafadhali, usichepushe ile ya mkopo wa tumbaku kutoka AMCOS, utajitafutia kesi.

Kuvuna, vuna alfajiri ua likishafunguka vizuri. Shika bua karibu na udongo, livute huku ukilizungusha taratibu, kisha liingie kwenye ndoo ya maji safi papo hapo. Ukilazimika kutumia kisu, kichovye kwenye maji ya Jik kila unapohama shina. Kisu kimoja kichafu kinaambukiza tuta zima.

Kuhusu soko, naona vijana wanaota Dar es Salaam, wengine Ulaya kabisa. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka hapa hadi Bagamoyo kwa miguu, miezi mizima, na mzigo ukafika salama kwa sababu pembe ya ndovu haiozi. Ua lina siku chache tu. Kwa reli ni kama kilomita 840 hadi Dar, na huna gari la baridi. Huko utakutana na maua ya Arusha, ambako wana mabanda, vyumba vya baridi na uzoefu wa miaka mingi. Huwezi kushindana nao kwa basi.

Soko lako ni Tabora mjini, Nzega, Urambo: wapambaji wa kumbi, makanisa, hoteli, na misiba pia. Soko hilo ni dogo, kwa hiyo na shamba liwe dogo. Mimi nashauri mashina 200 pembeni ya mradi wako mkuu, si ekari. Kabla ya kununua hata kipande kimoja cha mbegu, nenda kwa wapambaji watatu na daftari. Uliza kila mmoja Juni hadi Agosti iliyopita alipamba harusi ngapi, maua aliyatoa wapi, na alilipa shilingi ngapi kwa shina. Wakikwambia wanatumia ya plastiki tu, uliza kwa nini. Wengine watakujibu kwamba hawajawahi kuletewa mabichi.