Zima pampu kwanza, mengine baadaye

Wasee, leo nameza maneno yangu. Ile klipu ya kuwasha pampu ya maji kwa SMS, ile mlisambaza sana, ina kosa. Na si la herufi, ni la mpangilio.

Jamaa mmoja alinakili programu yangu vile ilivyo, akamfungia mamake kwenye ploti. Usiku stima ikapotea, ikarudi, lakini mtandao wa simu ukakataa kurudi nayo. Pampu ikanguruma mpaka asubuhi. Tangi la juu likafurika, la chini likakauka, mota ikaungua. Hakunitusi, alinitumia picha tu. Afadhali angenitusi.

Iko hivi. Natumia STM32F103, kale kabodi ka buluu. Chipu ikiamka, pini zake ni za kuingiza, zinaelea tu, relei imetulia. Lakini rejista ya ODR inaanza na sifuri. Ukiigeuza pini iwe ya kutoa kabla ya kuandika 1 pale, inashuka papo hapo, na relei nyingi za bei rahisi huwaka pini ikiwa chini. Yaani mstari wangu wa "kuandaa pini" ndio uliwasha pampu! Kuizima nilikuwa nimeweka mwisho kabisa, baada ya gsm_anza(), ambayo ilikaa kwenye while ikingoja mtandao. Milele. Kwangu mezani mtandao ulikuja haraka, nikasikia "tik", nikaona ni kawaida.

Dawa: washa saa ya poti kwenye RCC (bila hiyo ODR haiandikiki), andika 1, ndio ugeuze pini. Halafu skrini, sensa, GSM. Na kila kungoja kuwe na kikomo.

Mtasema ni mstari mmoja tu ulikosewa. Nakataa. Shida ni vyote.h, heda moja niliyotupia kila kitu kama droo ya jikoni. Kila faili iliivuta, kila faili iliona pini zote, na hakuna hata moja iliyosema "relei ni yangu." Sasa relei.h ina mistari mitatu: anza, washa, zima. Namba ya pini imefichwa ndani ya relei.c, na relei_anza() yenyewe ndiyo inazima pampu. Huwezi kusahau.

Na usiniambie eti uliweka #ifndef. Hiyo inazuia heda isisomwe mara mbili ndani ya faili moja ya .c, basi. Andika int hali = 0; kwenye heda, faili tano zitazaa hali tano na linka itagoma. Mimi niligomewa nikaongeza static ili kelele ziishe. Ziliisha kweli, nikabaki na hali tano zisizojuana, manze. Heda ibaki na extern, kitu chenyewe kikae kwenye .c moja.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina hata mwalimu wa kulaumu. Nilipenda klipu fupi inayofanya kazi mara moja mbele ya kamera.

Nimeitoa. Kama uliinakili, fungua main() leo, uone relei iko mstari wa ngapi. Pesa ya mota nimetuma nusu, nusu ni Ijumaa.