Mtoto Si Mjumbe wa Ugomvi
Vijana wapenzi, wazazi wanapoachana, mtoto hujiuliza: "Kosa langu ni lipi?" Twawajibu: halipo. Lakini jihadharini na kazi moja, kupeleka maneno makali ya mama kwa baba, na ya baba kwa mama. Mkitumwa, jibuni kwa heshima: "Mama, nakuomba neno hilo umwambie baba wewe mwenyewe." Wala msimpende mmoja kwa kumchukia wa pili. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yawabakizia wote wawili wajibu wa kumtunza na kumlea mtoto, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Fedha za masomo zikikosekana, mwendeeni mjomba au shangazi, awakumbushe. Nyumba hugawanyika, uzazi haugawanyiki.