Akina Macintosh Wawili

Mjamzito mmoja wa pembezoni mwa Makambako aliagizwa kliniki aje na makintoshi siku ya kujifungua. Aliuliza duka baada ya duka. Hakuna aliyelijua neno hilo. Alifika wodini mikono mitupu, ameona haya, ilhali mpira wa kujifungulia uliuzwa katika duka la dawa alilolipita.

Jina lile ni la Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, aliyepata hataza mwaka 1823: aliyeyusha mpira kwa nafta, akaupaka kati ya vitambaa viwili, maji yasipite. Alifikiria mvua, si uzazi. (Watu wa Njombe tunamwelewa.)

Sisi wa dawa za usingizi tuna Macintosh mwingine, Robert, mzaliwa wa New Zealand, profesa wa Oxford tangu 1937. Mwaka 1943 alitangaza bamba lililopinda la laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo, ambalo huinua kifuniko cha koo ili mrija wa hewa upite. Majeruhi wa barabara kuu akiletwa Njombe hana fahamu, kifaa hicho ndicho ninachokiomba kwanza. Nimewahi kukabidhiwa kikiwa na betri zilizokufa.

Mama aambiwe “mpira wa kujifungulia”, tena aonyeshwe. Kifaa cha Macintosh wa pili mgonjwa hawezi kukinunua wala kukikagua; taa yake tuiwashe sisi, kila zamu inapokabidhiwa, kabla gari la wagonjwa halijaondoka Makambako.