Ndege Nyepesi Kuliko Barua

Kazi ngumu kuliko zote kwa mtu mzima anayewalea vijana katika uundaji na urushaji wa ndege ndogo za ukumbini si kuunda, wala si kurusha. Ni kuizuia mikono yake mwenyewe. Msichana wa miaka 14 ameinama mezani, ameshika kwa ncha za vidole ubavu wa bawa ulio mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na gundi imeanza kukauka kabla ubavu haujakaa mahali pake. Mzee aliyesimama nyuma yake huwashwa mikono. Husema, "Lete hapa, mwanangu." Baada ya dakika mbili bawa limenyooka vizuri, na msichana hakujifunza lolote ila kwamba bawa zuri hutengenezwa na mtu mwingine.

Ndege zinazosemwa hapa hazina injini, hazina rubani, wala haziongozwi kwa redio. Nguvu yake yote ni uzi wa mpira uliosokotwa, ambao ukijisokotoa huizungusha rafadha, yaani lile panga la mbele. Hurushwa ndani ya jengo, mahali pasipo upepo, na ushindani wake ni wa jambo moja tu: ndege ipi itakaa hewani muda mrefu zaidi.

Asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa watoto wasio na kazi. Mfaransa Alphonse Pénaud aliirusha ndege yake ya mpira katika bustani ya Tuileries mjini Paris mwezi wa Agosti, 1871. Ilikwenda mita 40 hivi kwa muda wa sekunde 11, na wataalamu waliokuwapo wakaona kwa macho yao kwamba chombo kizito kuliko hewa chaweza kuruka kikiwa kimetulia. Mwaka 1878, Askofu Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe nyumbani kichezeo kilichopaa kwa nguvu ya mpira, kilichofuata mfano wa Pénaud. Kilivunjika, nao wakaunda vingine. Wana hao ni Wilbur na Orville, ambao tarehe 17 Desemba, 1903, waliruka kwa ndege yenye injini kabla ya mtu mwingine yeyote kufaulu kuiongoza ndege ya namna hiyo.

Siku hizi mchezo una mashindano ya dunia, na vijana wa hadi miaka 18 wana ubingwa wao wenyewe. Mara nyingi mashindano hayo yamefanyika ndani ya mgodi wa chumvi wa zamani huko Slănic, nchini Romania, zaidi ya mita 200 chini ya ardhi, ambako dari lina urefu wa zaidi ya mita 50 na hewa haitikisiki. Katika daraja la juu, liitwalo F1D, mabawa hayaruhusiwi kupita sentimita 55 toka ncha hadi ncha, kiunzi chote bila mpira hakitakiwi kupungua gramu 1.4, na mpira wenyewe usizidi gramu 0.4. Atakaye kuujua uzito huo na achukue karatasi moja ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi hiyo nzima ina gramu 5. Akiikata vipande vinne vilivyo sawa, kipande kimoja kinakaribia uzito wa kiunzi kizima cha bingwa wa dunia. Ndege ya namna hiyo huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, rafadha ikizunguka takriban mara moja kwa sekunde, na huweza kukaa hewani zaidi ya dakika 20.

Awindiri haina mgodi wa chumvi. Kata hii ya Arua, kama mji mzima, ina kumbi za shule na za dini zilizoezekwa bati, zenye mabenchi yanayoweza kusogezwa ukutani, na kenchi za mbao ambazo ndege ndogo hupenda sana kunasa juu yake. Hayo yatosha. Ina pia vijana, na hilo ndilo la kufikiriwa. Wanaomaliza Senior 4 hukaa nyumbani tangu mitihani iishe hadi matokeo yatoke mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi kadha, na katika miezi hiyo kijana aliyekuwa na ratiba ya kila saa hana tena ratiba yoyote. Wazazi wa Arua wanajua vizuri mahali ambapo miguu ya kijana wa namna hiyo humpeleka jioni.

Vifaa si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Huko ng'ambo hutumia mti wa balsa utokao Amerika ya Kusini, lakini mtoto wa West Nile aliyewahi kuunda gari kwa bua la mahindi amekwisha kuujua wepesi kwa vidole vyake. Moyo wa bua la mtama uliokauka hufaa kwa mwili wa ndege. Katika vinamasi vya Naili, upande wa Rhino Camp, humea ambachi, mti mwepesi ajabu ambao watu wa mtoni tangu zamani wameutumia kwa maboya na vyelezo. Kijiti chake kikikatwa kwa wembe mpya na kusuguliwa kwa msasa hufanya kazi nzuri. Mabawa hufunikwa kwa plastiki nyembamba kuliko zote zinazopatikana sokoni. Mpira wa ndani wa baiskeli haufai sana, maana ni mzito na haurudishi nguvu yote iliyotiwa ndani yake. Afadhali mipira ya kufungia makaratasi, iliyo mipya. Mpira utunzwe ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jua, kwa sababu jua la Arua huuharibu upesi.

Na mizani? Hapo ndipo karatasi ile inaporudi kazini. Bua refu likining'inizwa kwa uzi katikati, na kila ncha ikatiwa kikombe cha karatasi, ni mizani. Vipande vya karatasi ya gramu 5 vilivyokatwa nusu, robo, nusu ya robo na kuendelea, ni mawe yake. Kijana aliyejitengenezea mizani kwa njia hii huielewa gramu kuliko yule aliyesomewa habari zake ubaoni mwaka mzima. Hata hivyo asianze na gramu 1.4. Ndege ya gramu 5 hadi 8 yamtosha mwanzo, na ikikaa hewani dakika moja ukumbini ana haki ya kujisifu mbele ya wadogo zake.

Sasa kurusha. Ndege ya kwanza haitaruka vizuri, na mlezi asifanye kana kwamba hilo ni msiba. Itainua pua, itasita hewani, kisha itaanguka: maana yake bawa limekaa mbele mno, na lirudishwe nyuma kidogo. Au itakwenda pua chini moja kwa moja sakafuni: basi bawa lisogezwe mbele. Rafadha ikizungukia upande mmoja, mwili wa ndege hutaka kupinduka upande wa pili. Ndiyo sababu waundaji hulifanya bawa la kushoto liwe refu kidogo kuliko la kulia, ili ndege izunguke ukumbini kwa mkono wa kushoto bila kulala ubavu. Mlezi anayajua haya yote. Lakini ndege ikianguka asiseme, "Rudisha bawa nyuma." Aulize, "Umeona nini?" Kijana akijibu, "Imeanguka, mwalimu," aulizwe tena, kwa upole, imeangukaje. Swali la pili ndilo lenye faida, kwa kuwa ndege huanguka kwa namna nyingi na kila namna ina sababu yake.

Kuna sheria mbili ambazo haifai kuzilegeza. Ya kwanza ni kubadili kitu kimoja tu kila mara. Kijana akilisogeza bawa, akaupinda mkia, na akaongeza mizunguko ya mpira kwa wakati mmoja, ndege ikiruka hajui ni lipi lililoirusha, na ikianguka vilevile hajui. Ya pili ni daftari. Kila mruko uandikwe: tarehe, saa, uzito wa ndege, uzito wa mpira, mizunguko mingapi, sekunde ngapi, na kilichotokea. Vijana huchukia daftari kwa majuma mawili ya kwanza. Juma la tatu kijana mmoja hugundua kwamba jibu la tatizo lake la leo limo katika ukurasa wa juzi, na tangu siku hiyo hataki mtu aliguse daftari lake.

Idadi ya mizunguko nayo haibuniwi. Kipande cha mpira hutolewa sadaka: husokotwa huku kikihesabiwa mpaka kikatike. Ikiwa kimekatika kwenye mzunguko wa 1,000, kingine cha urefu na unene uleule husokotwa 800 au 850, basi. Palipo na dari la chini, mafundi hutumia njia ya busara: huweka robo ya mpira wa kawaida, na mahali pa robo tatu zilizobaki huweka kijiti chenye uzito uleule. Ndege huruka chini chini kwa muda wa karibu robo ya ule wa mpira kamili, na kijana anajifunza tabia yake yote bila kuigonga kenchi.

Ikumbukwe pia kwamba Arua iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika kila kumi kuliko ile ya pwani, kwa hiyo ndege hulazimika kwenda kasi kidogo zaidi ili ijibebe, na mpira huisha mapema. Kijana wa Awindiri asivunjike moyo akisoma muda wa mwenzake wa nchi ya chini. Ashindane na daftari lake kwanza.

Habari ya ushindani huwatia hofu baadhi ya wazazi, wakisema mtoto akishindwa mbele za watu ataacha kabisa. Kanuni ya F1D yenyewe inajibu. Kila mshindani hurusha mara sita, na mbili zilizo bora ndizo zinazojumlishwa. Nne zaweza kuanguka, kugonga ukuta, au kunasa darini, na mtu bado akawa bingwa. Mashindano ya kata yafuate mpango huohuo. Inaruhusiwa hata kuisukuma ndege polepole kwa baluni iliyofungwa kwenye uzi, isije ikagonga ukuta. Muda upimwe na vijana wenyewe, wawili kwa kila ndege, wasiwe wa kundi la mrushaji. Mtu mzima asishike saa. Saa ikiwa mkononi mwa baba wa mshindani, hata akipima kwa haki, hapatakosa manung'uniko. Wala ndege ya mtoto isiundwe na baba. Katika mashindano ya namna hii akina baba ndio wakosaji wakubwa, na njia ya kuwafichua ni rahisi: kabla ya kurusha, kila kijana aondoe bawa la ndege yake na kulirudisha mbele ya wote. Asiyeliunda hujulikana papo hapo.

Liko jambo moja ambalo halimo katika kanuni zozote za dunia, nalo ndilo litakaloamua kama kundi la Awindiri litakuwa la vijana wote au la wavulana peke yao. Ni bati. Jua likipanda, bati hupata moto, hewa ya chini yake huanza kupanda na kushuka, na ndege ya gramu chache hutupwa huku na huku kama unyoya. Kufikia saa 3 asubuhi ukumbi haufai tena. Saa njema ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, hewa ikiwa imelala. Lakini saa hizo ndizo msichana anapochota maji, anapofagia uwanja, na anapowasha moto wa chai. Kaka yake amekwisha kwenda ukumbini na ndege yake ndani ya sanduku la maboksi. Yeye atafika saa 4, akiwa na ndege iliyoundwa kwa uangalifu kuliko zote, nayo haitakaa hewani sekunde 20, na watu watasema wasichana hawana kipaji cha mambo haya.

Walezi wanaweza kununua gundi, kuomba ukumbi, na kuandika ratiba, lakini hili hawaliwezi. Limo mikononi mwa akina mama na akina baba nyumbani. Maji ya Jumamosi yachotwe Ijumaa jioni, na madumu yabebwe na mvulana na msichana kwa zamu. Chai ya asubuhi hiyo iwashwe na mwingine. Uwanja usubiri hadi saa 3, bati likiwa limekwisha kupata moto na ndege zote zimerudi ndani ya masanduku.