Kuchokonoa Kompyuta Si Uvivu

Wadau, nikisema wikendi yangu imeishia kwa Linux na kompyuta kuukuu, lazima mtu hapa Kisumu aulize: "Na hiyo inakulipa ngapi?" Ajabu, anayetazama mechi tatu za Uingereza Jumamosi haulizwi!

Januari 2008, mji huu ukiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliomba kwenye blogu yake wataalamu wa kutengeneza ramani ya ghasia. Watu wachache wakajitolea. David Kobia akaandika programu kwa siku chache tu. Ndiyo Ushahidi. Baadaye msimbo wake ukawekwa huria, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko. Wangengoja malipo kwanza, ramani ingekuja maiti zimeshazikwa.

Digrii ya kompyuta ilinipa nadharia. Wepesi wa mkono huja kwa kufungua, kuharibu na kurekebisha, bila bosi wala tarehe ya mwisho.

Basi acheni visingizio. Windows 10 ilikatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima zitaitwa takataka. Chukua moja, weka Debian, uichokonoe. Leseni ni bure. Kinachotakiwa ni udadisi wako.