Pensheni ya wazee ivuke bahari

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Haikumuuliza kama aliwahi kuajiriwa, wala kama ana watoto wenye uwezo. Mvuvi wa Nungwi na mama wa Paje aliyezeeka akilima mwani waliingia katika daftari moja. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya Serikali yenyewe, si kwa wafadhili. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000.

Pensheni Jamii, kama inavyoitwa Visiwani, haikuja yenyewe. Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA, ikishirikiana na shirika la HelpAge, ilibisha hodi serikalini kwa miaka mingi, ikieleza kuwa uzee si kosa la kuadhibiwa kwa njaa. Wazee wenyewe walisimama kudai. Mwaka 2020 Zanzibar ikatunga pia sheria ya masuala ya wazee.

Tanzania Bara imebaki nyuma. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Lakini mkulima, mama lishe au fundi aliyefanya kazi miaka 50 bila mwajiri kwa kawaida hana mfuko wa kumlipa nguvu zikimwisha. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, husaidia kaya maskini, na ndani yake wamo wazee. Hata hivyo kipimo chake ni umaskini wa kaya, na mzee anayeishi kwa mwanawe mwenye duka dogo huachwa nje, ingawa mfukoni mwake hamna hata nauli ya kwenda zahanati.

Wapo wanaosema mzee hutunzwa na wanawe, ndiyo mila yetu. Wakaitazame Kagera.

Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na vijana wengi wakafa wakiwaachia wazazi wao wazee watoto wa kulea. Mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee ulianza Nshamba, wilayani Muleba, ukiwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Fedha ile ilinunua chumvi, sabuni, chakula na viatu vya shule vya wajukuu. Mradi ukawakusanya wazee katika vikundi vya kusaidiana, mmoja akiugua wenzake wajue. Pale mila ilikuwa hai; kilichokosekana ni watu wa kuitekeleza, kwa kuwa walikuwa makaburini.

Hoja ya gharama ni ya haki, lakini ina jibu. Uganda ilipoisambaza ruzuku yake ya wazee nchi nzima ilianzia kwa wenye miaka 80. Kenya, kupitia Inua Jamii, ilifungua mlango mwaka 2018 kwa wote waliofikisha miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kenya inafundisha na somo la pili: malipo yanapochelewa kwa miezi, mzee hukopa dukani, na pensheni ikifika huishia kulipa deni. Kiasi kidogo kinacholipwa kwa siku inayojulikana kina faida kuliko kikubwa kisichotabirika.

Bara inaweza kuanza na wenye miaka 75 na kushuka kadiri bajeti inavyoruhusu. Vitambulisho vya taifa vya NIDA vipo, na mabaraza ya wazee yanaweza kusaidia kumtambua asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Kigezo kiwe umri pekee, kwa sababu kuchuja nani maskini zaidi hufungua mlango wa upendeleo.

Wabunge watakapoketi kujadili bajeti ijayo, watenge fungu la pensheni ya wazee na kulilinda kwa sheria. Na wapiga kura wawaulize mapema, mkutanoni na hadharani, watasimama upande gani.