Tabu za tabu: terminali kumi na mbili za nini?

Nimechoka na skrini za wenzangu. Karibu kila msanidi programu ninayemjua huku bara ya Mombasa, awe wa Kisauni, wa Likoni au wa hapa Changamwe, ukimkuta kazini ana terminali kumi na mbili zimefunguka, na kila moja ina tabu zake (jina lenyewe limejieleza). Mbili ni za mashine yake, tatu za seva ya majaribio, moja ya seva ya wateja, na zilizobaki hata yeye hajui ni za wapi. Ukimuuliza anakwambia amezoea. Hata mwenye jino bovu amezoea.

Ninachodai ni hiki: sheli zako zote, za hapa na za mbali, ziwe ndani ya kihariri kilekile unachoandikia programu. (Sheli ya kompyuta, si ile ya petroli.) Mimi natumia Emacs, kwa hiyo nitasema ya Emacs.

Mnaodhani hili ni suala la mapambo, someni yaliyowapata GitLab usiku wa 31 Januari 2017. Mhandisi wao alikuwa akihangaika na hifadhidata ya akiba ambayo haikuwa inaifuata tena ile kuu. Akaamua kufuta folda ya data kwenye ile ya akiba ili aanze upya. Kumbe yuko kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akasimamisha amri, lakini kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Data za saa sita hivi zikapotea. GitLab wenyewe waliyaeleza yote hadharani, na kwa hilo nawapa heko. Mojawapo ya dawa walizotaja ni kubadilisha maandishi yanayotangulia amri ili kila seva ijitambulishe waziwazi. Ni dawa nzuri, ila mtu aliyechoka saa tano usiku haangalii rangi.

Na hapa kwetu je? Kuna kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini ambako niliwahi kufanya kibarua. Asubuhi moja jedwali la makontena likakutwa tupu, malori yamepanga foleni na karani hana karatasi ya kumpa dereva. Swali la kwanza la bosi: nani aliandika nini? Hakuna aliyejua. Madirisha ya usiku yalishafungwa, na maneno yaliyokuwamo yakaenda nayo. Kijana wa zamu akafukuzwa. Labda ni yeye, labda siye. Hakuwa na hata mstari mmoja wa kujitetea.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Terminali ya kawaida ukiifunga, umefunga na ushahidi wako. Sheli ndani ya Emacs ni bafa, yaani maandishi kama maandishi mengine. Unatafuta kwa C-s, unakusanya kila mstari wenye neno fulani kwa M-x occur, na kazi ikiisha unahifadhi yote kwa C-x C-w kwenye faili lenye tarehe. Dakika haiishi.

Kufungua nako si kazi. Kwa sheli ya hapa, M-x shell. Ukitaka nyingine, C-u M-x shell, nayo itakuuliza jina: ipe jina la maana kama *wateja-db*, na jina hilo litakaa chini ya dirisha muda wote. Kwa seva ya mbali, fungua kwanza folda yake, C-x C-f /ssh:majaribio:/var/www/, kisha tena C-u M-x shell. Sheli inazaliwa kulekule kwenye seva. Hiyo ni kazi ya TRAMP, ambayo imo ndani ya Emacs tangu toleo la 22 la mwaka 2007, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Ukihama folda kwa cd, Emacs inakufuata. Ukibonyeza C-x C-f unafungua faili la seva, unalirekebisha na kulihifadhi papo hapo. Hakuna kunakili huku na kule.

Najua mtasema TRAMP ni nzito. Ni nzito kama kila mara unaanza muunganisho mpya. OpenSSH inajua kushiriki muunganisho mmoja tangu toleo la 3.9 la mwaka 2004: weka ControlMaster na ControlPersist kwenye ~/.ssh/config, kisha urudi tugombane.

Wengine watasema intaneti siku hizi haikatiki. Wapi? Ni kweli kebo za SEACOM na TEAMS zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009 na kutuokoa na setilaiti. Lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika huko kusini, na sote tuliona kasi ilivyokuwa. Mwaka 2023 nchi nzima ilikosa stima zaidi ya mara moja. Muunganisho ukifa, bafa yangu inabaki na kila neno. Kazi ndefu siiachi ining'inie kwenye sheli. Naianzisha kwa tmux new -d, ikae seva yenyewe.

Kasoro zipo. M-x shell haipatani na top wala less; kwa hizo tumia M-x term, na uweke PAGER=cat. Watu wa Vim nao wana :terminal tangu toleo la 8.1 la mwaka 2018, kwa hiyo msijifiche nyuma ya kihariri chenu. Leo jioni zifungeni zile kumi na mbili, lakini kwanza mkahakikishe ipi ndiyo ya wateja.